Sheria ya Moto Mahali Palipo Mbali na Gari la Zimamoto: Somo kwa Wakazi na Wafanyabiashara wa Kibakwe

Malengo ya somo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, na wa vituo vingine vya biashara vya nyanda za kati vinavyofanana nayo. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa aweze:

(a) kueleza ni nani mwenye wajibu wa kusimamia usalama dhidi ya moto, kuanzia ngazi ya taifa hadi ngazi ya kijiji;

(b) kutambua mambo ya msingi ambayo sheria inayadai katika nyumba ya kulala wageni, bweni, duka la gesi na mahali pa kuuzia mafuta;

(c) kujua haki na wajibu wake mkaguzi anapofika, na

(d) kushiriki katika kutunga sheria ndogo za kijiji zinazohusu moto.

1. Kwa nini umbali unaongeza uzito wa kanuni

Kibakwe iko kusini mwa mji wa Mpwapwa. Mtu anayekwenda huko kutoka Dodoma hupita safari ndefu, na sehemu ya safari hiyo ni barabara ya vumbi. Gari zito lililobeba maji, likienda mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hutumia dakika 15 kwa kila kilomita 10. Msomaji anaweza kukokotoa mwenyewe: ahesabu kilomita kutoka kituo cha zimamoto kilicho karibu hadi mlangoni pake, agawanye kwa 10, kisha azidishe kwa 15. Jibu atakalopata ni dakika za safari peke yake, kabla ya kuongeza muda uliopotea katika kutafuta simu, kueleza mahali na kuliandaa gari.

Linganisha jibu hilo na mwendo wa moto wenyewe. Chumba chenye godoro la sponji, mapazia na nguo zilizotundikwa kinaweza kuwaka chote kwa muda usiozidi dakika 5 tangu moto ulipoanza kushika. Moshi hutangulia mwali. Mtu aliyelala huweza kupoteza fahamu kwa moshi kabla hajahisi joto.

Kutokana na hesabu hizo mbili, jambo moja linadhihirika. Mjini, kanuni za moto husaidiana na gari la zimamoto; kosa la mjenzi huweza kurekebishwa kwa sehemu na askari aliyefika mapema. Mahali kama Kibakwe msaada huo huenda ukafika wakati nyumba imekwisha kuteketea. Kwa hiyo mlango unaofunguka kwa nje, dirisha lisilo na nondo za kudumu, waya uliofungwa na fundi mwenye leseni na dumu la petroli lililowekwa mbali na jiko ndivyo vitu vitakavyookoa maisha. Vitu hivyo havina budi kuwepo kabla moto haujatokea.

2. Sheria inasema nini na nani anaisimamia

Zamani huduma za zimamoto zilikuwa mikononi mwa halmashauri za miji, kila halmashauri ikiwa na kikosi chake kwa kadiri ya uwezo wake. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, yaani Sheria Na. 14 ya mwaka huo, iliunda jeshi moja la taifa lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na kuongozwa na Kamishna Jenerali. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinahusu ukaguzi, vyeti vya usalama na tahadhari za moto katika majengo.

Kwa ufupi, afisa wa Jeshi aliyeidhinishwa ana mamlaka ya kuingia katika jengo linalohusika, kulikagua, kuandika mapungufu na kuagiza yarekebishwe. Jengo linalotimiza masharti hupewa cheti, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka baada ya ukaguzi mwingine. Kwa kawaida ukaguzi hulenga majengo yanayokusanya watu au kuhifadhi vitu vya hatari: shule, zahanati, masoko, kumbi, nyumba za kulala wageni, viwanda, maghala na vituo vya mafuta. Jeshi pia hupitia michoro ya majengo kabla hayajajengwa.

Hata hivyo Jeshi halisimamii kila jambo. Mafuta, gesi na mafundi umeme viko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Ubora wa bidhaa, kama vile nyaya, soketi na vizimamoto, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Vibali vya ujenzi na leseni nyingi za biashara hutolewa na Halmashauri ya Wilaya. Moto wa nyika na misitu unaguswa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Nayo Serikali ya Kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, inaweza kutunga sheria ndogo zake.

Mgawanyo huu una faida na hasara. Faida yake ni kwamba kila eneo lina mtaalamu wake. Hasara yake ni kwamba mwananchi huambiwa kwa urahisi, "Hilo si letu." Shabaha ya sehemu ya nne ya somo hili ni kumwonyesha msomaji kila jambo ni la nani.

3. Nyumba zimebadilika, na hatari imebadilika

Wagogo walijenga tembe: nyumba ya ukuta wa miti na udongo, yenye paa la bapa lililotandazwa udongo juu ya boriti na fito. Tembe ilikuwa na moshi mwingi ndani, lakini udongo wa paa lake haushiki moto kwa urahisi, wala cheche iliyopeperushwa na upepo kutoka kwa jirani haikuweza kulichoma. Wenyeji walijenga hivyo kwa sababu ya ukame, joto na uhaba wa nyasi ndefu, na kinga dhidi ya moto ikaja pamoja na hayo.

Leo nyumba mpya nyingi ni za matofali na bati. Ukuta wa tofali ni salama kuliko wa miti, ila chini ya bati kuna kenchi za mbao kavu, na chini ya kenchi kuna dari. Nafasi iliyo kati ya dari na bati ndimo nyaya za umeme zinamopita. Hitilafu ikitokea humo, moto husafiri juu ya vyumba vyote kabla mtu hajauona. Madirisha nayo yamewekewa nondo kwa kuogopa wezi, na mlango wa nyuma mara nyingi hufungwa kwa kufuli. Sebuleni kuna makochi ya sponji, jikoni kuna mtungi wa gesi, na barazani pamelazwa pikipiki yenye petroli.

Hakuna anayeshauri watu warudi kwenye tembe. Kinachosemwa ni kwamba nyumba ya kisasa imeleta hatari za kisasa, na kanuni za moto ni sehemu ya gharama ya nyumba hiyo, kama vile bati na saruji zilivyo.

4. Njia tano ambazo sheria hufikia kijijini

*Njia ya kwanza: kibali cha ujenzi.* Ni rahisi kuongeza mlango kwenye mchoro kuliko kubomoa ukuta. Mtu anayejenga nyumba ya wageni, ukumbi, fremu za maduka au bweni aombe michoro ipitiwe kwa upande wa moto kabla ya kumwaga msingi. Maswali ya kuuliza ni haya: watu watatoka wapi ikiwa mlango mkuu umezibwa na moto? Je, mlango unafunguka kwa nje? Je, gari kubwa linaweza kulifikia jengo, au vibanda vimeziba njia? Maji ya kuzimia moto yatatoka wapi?

*Njia ya pili: umeme.* Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000 ili kila kaya iimudu. Kufunga nyaya ndani ya nyumba ni gharama nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Hapo ndipo watu wengi hutaka kupunguza matumizi kwa kumwita kijana "anayejua umeme". Sheria inataka kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa daraja linalolingana na kazi. Leseni ni karatasi inayoonekana. Mwombe fundi akuonyeshe kabla ya kupatana bei. Nyaya nyembamba kupita kiasi, soketi moja iliyobebeshwa pasi, jokofu na jiko, na sakiti breka iliyoondolewa kwa sababu "inakatakata" ni visababishi vya moto vinavyofahamika. Sakiti breka inayokata mara kwa mara inatoa taarifa ya hitilafu. Kuiondoa ni kumnyamazisha mbwa anayebweka mwizi akiwa uani.

*Njia ya tatu: mafuta na gesi.* Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mtumiaji hukutana na hatari kila siku.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata hewa ikiwa baridi kupita kiasi cha kugandisha maji. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kuufuata moto uliko, hata kama jiko liko chumba cha pili. Dizeli na mafuta ya taa haviwaki kwa wepesi huo, na ndiyo maana mazoea ya kuhifadhi mafuta ya taa chini ya kitanda hayawezi kuhamishiwa kwenye petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, nayo ikalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa na madumu kama yale tunayoyaona kando ya barabara za vijijini.

Kuuza petroli kwenye chupa na madumu nje ya kituo chenye leseni ni kosa. Lakini ni haki pia kukiri kwa nini biashara hiyo ipo: mwenye pikipiki aliye mbali na kituo hana mahali pengine pa kununua, na pikipiki hiyo ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati. Msako unaowaondoa wauzaji wa chupa bila kuleta kituo huwafanya waingize madumu ndani ya vyumba vya kulala, ambako hatari ni kubwa kuliko barazani. Kwa sababu hiyo EWURA imeweka utaratibu wenye masharti nafuu kwa vituo vya mafuta vya vijijini na miji midogo, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukitoa mikopo kwa wanaotaka kujenga vituo hivyo. Kijiji chenye wauzaji wa chupa wengi kimeonyesha kwamba soko lipo. Wauzaji hao wanaweza kuungana katika kikundi au ushirika na kuomba. Huo ndio utekelezaji wa sheria unaodumu.

Kuhusu gesi ya kupikia, matumizi yake yanaongezeka kwa haraka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Hayo ni maendeleo ya kufurahia kwa mapafu ya akina mama na kwa miti ya nyanda za kati. Ila gesi ina adabu zake. Nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hukusanyika chini. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na mkaa unaowaka. Mpira na regulata vikaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu, fungua milango, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na toa watu nje.

Mnunuzi wa gesi adai mambo matatu: lakiri isiyoguswa, mtungi usio na kutu kubwa wala kubonyea, na kupimiwa uzito kwenye mizani ya muuzaji. Kuhamisha gesi kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine mtaani kumekatazwa, na wanaofanya hivyo huwapunja wateja huku wakihatarisha mtaa mzima. Tukumbuke yaliyotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Gesi ililipuka katika eneo lililozungukwa na makazi, watu kadhaa wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kujenga ghala la gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa zaidi ya mara moja mwaka uliotangulia. Uamuzi sahihi ulikuwa umekwisha kuandikwa; hakukuwa na aliyehakikisha kwamba unafuatwa pale mtaani. Jirani anayeona malori ya gesi yakiingia usiku mahali pasipo na kibao cha leseni ana sababu ya kuuliza.

*Njia ya nne: vyumba vya kulala watu wengi.* Hakuna eneo ambalo uzembe umegharimu roho za vijana kama mabweni. Mwezi Juni 1994, katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Kilimanjaro, wasichana zaidi ya 40 waliteketea. Mwezi Agosti 2009, katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa. Mwezi Septemba 2020, wanafunzi 10 wa shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa mkoani Kagera, walikufa bwenini. Nchini Kenya, wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos, mwezi Machi 2001. Mmoja kati ya milango miwili ya bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Baadaye Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008, unaotaka madirisha ya mabweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Pamoja na mwongozo huo kuwepo, wavulana 21 walikufa katika shule ya Endarasha, Nyeri, mwezi Septemba 2024.

Mfuatano huo unafundisha kwamba kanuni iliyochapishwa haifungui mlango uliofungwa kwa kufuli. Mzazi wa Kibakwe anayempeleka mtoto shule ya bweni ana haki ya kuomba kuingia bwenini mchana na kuangalia: kuna milango mingapi? Funguo za usiku hukaa kwa nani, na mtu huyo hulala wapi? Dirisha linaweza kufunguliwa na mtoto mdogo akiwa gizani? Vitanda vimezuia njia? Taa ikikatika, watoto hutumia nini? Lini walifanya zoezi la kutoka nje kwa mara ya mwisho? Mkuu wa shule mwema atafurahi kuulizwa, na swali hilo linafaa kuwa ajenda ya kudumu ya kikao cha wazazi.

*Njia ya tano: sheria ndogo za kijiji.* Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu, Mkutano Mkuu wa Kijiji huijadili, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya ili iidhinishwe. Sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya nchi, lakini inaweza kuitafsiri kwa mazingira ya mahali. Mambo yanayofaa kuzingatiwa ni haya:

- Njia ya kupita gari kubwa hadi sokoni, shuleni na zahanati isizibwe kwa kibanda, matofali wala kuni.
- Anayetaka kuchoma mabaki ya shamba atoe taarifa, afyeke mkuza wa moto kuzunguka shamba, na asichome mchana wa upepo mkali.
- Mashudu ya alizeti, pamba za magodoro na mafuta yasirundikwe karibu na mashine ya kukamulia au kusagia.
- Kila kitongoji kiwe na mapipa ya mchanga, ndoo na ngazi mahali panapojulikana, na mtu wa kuvitunza.
- Orodha ya visima, mabomba na matangi ya maji yanayofikika na gari ihifadhiwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Jambo la mwisho lisidharauliwe. Gari la zimamoto hufika na maji ya kiasi. Yakiisha, askari huuliza maji yako wapi. Mahali pakame, jibu hilo linapaswa kutafutwa mapema.

5. Mkaguzi anapofika

Wafanyabiashara wengi humwona mkaguzi kama mtoza fedha. Hisia hiyo haikuzuka bure, kwa maana ukaguzi una tozo, na mwenye duka dogo huikutana nayo pamoja na kodi na leseni nyingine. Njia bora ya kulinda haki yako ni kuujua utaratibu.

Kwanza, una haki ya kuona kitambulisho. Pili, una haki ya kupewa mapungufu kwa maandishi, yakiwa yameelezwa kwa namna inayoeleweka. Tatu, malipo yoyote ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu, na kwa stakabadhi. Usimpe mkaguzi fedha mkononi, hata akisema atakuletea risiti kesho. Anayeomba hivyo huenda si mkaguzi, na kama ni mkaguzi anavunja sheria. Nne, usipokubaliana na matokeo, andika barua kwa Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa ukieleza sababu, na ubaki na nakala.

Wajibu wako nao upo. Usimzuie mkaguzi kuingia sehemu zinazohusika, usifiche vitu vya hatari siku ya ukaguzi ili uvirudishe jioni, na usinunue kizimamoto cha kuonyesha tu. Cheti kilichopatikana kwa njia ya mkato hakimlindi mgeni aliyelala chumba namba 6.

6. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja ana nyumba ya kulala wageni yenye vyumba 8, vyumba 4 kila upande wa korido. Mkaguzi ameandika mapungufu manne: mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli usiku, madirisha yote yana nondo za kudumu, madumu ya petroli ya jenereta yako mwisho wa korido, na hakuna kizimamoto hata kimoja. Mama analalamika kwamba gharama zitamfilisi.

Tukipanga mapungufu hayo kwa gharama na kwa uzito, picha inabadilika. Madumu yanaweza kuhamishiwa kwenye kibanda cha nje leo hii, bila shilingi. Kufuli inaweza kuondolewa leo na mahali pake pakawekwa komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, ambalo fundi seremala wa hapo hapo analiweza. Hayo mawili peke yake yamekwisha kuondoa kisababishi kikubwa cha moto na kufungua njia ya pili ya kutokea. Kizimamoto cha poda kavu kinunuliwe kwa muuzaji anayetoa huduma ya kukikagua, kiwekwe koridoni panapoonekana, na sindano ya kipimo chake iwe kwenye rangi ya kijani. Zimebaki nondo. Si lazima zing'olewe zote kwa siku moja. Katika kila chumba dirisha moja liwekewe nondo za bawaba zenye komeo la ndani, chumba baada ya chumba, kwa ratiba iliyoandikwa na kukubaliwa na mkaguzi.

Mfano huu unaonyesha jinsi utekelezaji mzuri unavyokwenda. Hatari inayoua papo hapo huondolewa papo hapo, na mkaguzi hana budi kusimama imara juu yake. Hatari inayohitaji fedha hupewa muda unaojulikana mwanzo na mwisho wake. Mkaguzi anayefunga kila kitu kwa siku moja na yule anayefumba macho kwa mwaka mzima humfikisha mgeni mahali pamoja.

7. Moto ukitokea

Piga kelele, toa watu, kisha piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Eleza kata, kijiji na alama inayoonekana, na ubaki kwenye simu. Usirudi ndani kufuata vitu. Katika moshi, inama au tambaa, kwa kuwa hewa safi iko chini. Kabla ya kufungua mlango, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, tafuta njia nyingine.

Moto mdogo unaweza kuzimwa na mtu aliyejifunza, mradi mgongo wake uelekee mlangoni. Usimwage maji kwenye mafuta yanayowaka, kwani moto utasambaa. Funika kwa mfuniko au mchanga. Usimwage maji kwenye umeme kabla ya kuzima swichi kuu. Kizimamoto hutumika kwa hatua nne: vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto, bonyeza, kisha peleka huku na huku kama anayefagia.

Maswali ya kujipima

1. Kokotoa dakika ambazo gari la zimamoto lingetumia kufika nyumbani kwako. Ni mambo gani matatu ungeyabadilisha kwa sababu ya jibu hilo?

2. Jirani yako anauza petroli kwenye chupa barazani. Taja hatari yake, taasisi inayohusika, na njia halali ambayo jirani huyo anaweza kuifuata ili aendelee na biashara.

3. Fundi anasema leseni yake "iko mjini". Utafanya nini kabla ya kumkabidhi kazi?

4. Andika rasimu ya kifungu kimoja cha sheria ndogo ya kijiji kuhusu moto. Kisome katika kikao cha kitongoji na uandike pingamizi zote zitakazotolewa.

Zoezi la vitendo

Usiku wa leo, kabla ya kulala, zima taa zote. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na babu, bibi na mtoto mdogo aliye na uwezo wa kutembea, atoke nje kutoka kitandani kwake bila tochi. Hesabu sekunde. Ikiwa yeyote amekwama kwenye kufuli, ndoo au pikipiki, kesho asubuhi ondoa kitu hicho, kisha mrudie zoezi.